Siku Robi Aliponiamuru Nilegeze Kamba

Nyambureti,
Wilaya ya Serengeti,
Mara.

Jumapili, 8 Desemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Nikolaus,

Marahaba. Najua shikamoo yako iko njiani, kwa hiyo naipokea kabla haijafika ili tusimalize karatasi kwa salamu. Hujambo huko Songea? Ule mguu uliokuwa unavimba umetulia, au bado unaukanda kwa maji ya chumvi na kujifanya daktari? Shemeji yangu Efrazia anaendeleaje? Na wajukuu wameshafunga shule?

Sisi huku ni wazima, Mungu anatulinda. Mvua zimetukumbuka mwaka huu, mahindi yamefika magotini na ng'ombe wameanza kung'aa. Goti langu la kulia linalalamika asubuhi, likishapata jua linanyamaza. Felista, shemeji yako, ana mafua ya siku mbili tatu lakini sauti yake ya kunigombeza haijapungua.

Nimeamua kukuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Kila nikifika katikati ya habari unanikatiza, halafu vocha inaisha na aliyeongea ni wewe. Barua haikatizwi. Na kalamu nyekundu iweke kabatini, ualimu umeshastaafu.

Barua yako ya Oktoba niliipata. Ulitaka kujua jambo moja tu: kama nimeshamwambia binti yetu Robi aache ile kazi ya farasi mwisho wa mwaka, aende Sirari kuuza kwenye duka la vifaa vya ujenzi la rafiki yako. Ni kweli tulikubaliana hivyo mimi na wewe, tulipokutana kwenye msiba wa shangazi. Wewe ulisema ni aibu binti wa miaka ishirini na minne, mwenye cheti cha kidato cha nne, kushinda anazoa mavi ya farasi wa watalii. Mimi nikasema ndiyo, ni aibu. Naye alikuwa anajua kwamba tunalizungumza. Sasa vuta kiti, maana jibu langu ni refu na sehemu kubwa yake inanisema mimi vibaya.

Kwanza ujue kwamba mwezi wa nane ile kambi ya farasi ilimpeleka Robi kwenye mafunzo ya wiki tatu. Walifundishwa kuokoa wanyama wakubwa walionasa: kwenye matope, kwenye mashimo, kwenye nyaya, hata waliopinduka na gari. Aliporudi alikuwa na kofia ngumu nyekundu na begi la mikanda mipana kama ile ya kufungia mizigo kwenye malori, akatuambia kwamba sasa yeye ndiye kiongozi wa kikosi cha uokoaji cha kambi yao. Tulikuwa tunakula. Nilimuuliza kama inahitaji wiki tatu mtu kujifunza kuvuta kamba, maana mimi navuta tangu mama yake hajazaliwa. Vincent kaka yake akacheka mpaka ugali ukampalia. Robi akanawa mikono na kutoka, na mimi nikaona nimesema jambo la akili.

Unanijua, Nikolaus. Tangu marehemu baba afariki, ng'ombe akizama kwenye matope kuanzia hapa mpaka Kenyamonta anaitwa Simioni. Kamba moja kwenye pembe, ya pili kwenye shina la mkia, wanaume kumi huku na kumi kule, mkupuo mmoja na mnyama yuko nje. Wachache walivunjika, siwezi kukuficha, lakini wengi walitembea. Nilikuwa najivunia kazi hiyo kuliko ninavyojivunia ndevu zangu.

Sasa sikia. Jumanne tarehe kumi na mbili Novemba, kama saa tatu asubuhi, nilikuwa nazibua mfereji nyuma ya nyumba nikasikia yowe upande wa mtoni. Unajua sheria yetu ya yowe. Ukilisikia unaacha hata mgonjwa, unakimbia na chochote ulichoshika, na ukibaki nyumbani utaulizwa kwenye ritongo, baraza letu, mbele ya ukoo mzima ulikuwa wapi. Nilichukua kamba zangu mbili, goti nikalisahau, nikakimbia.

Njiani nilikuwa nawaza ni ng'ombe wa nani. Nilipokaribia nikaona watu wamezunguka lile shimo nililochimba mwenyewe wakati wa kiangazi kwa ajili ya kunyweshea mifugo. Nilikuwa nimelizungushia miiba vizuri kabisa. Halafu mwezi wa kumi zizi lilipobomoka upande mmoja, niliing'oa ile miiba nikazibia zizi, nikajiambia nitakata mingine kesho. Kesho hiyo haikufika. Mvua zikaja, shimo likajaa maji na udongo mweusi, na juu pakaota majani membamba ukadhani ni ardhi ya kukanyaga.

Aliyekuwa ndani hakuwa ng'ombe. Alikuwa farasi jike wa kambini anayeitwa Karanga, kwa ajili ya rangi yake, na ndiye Robi anayemlisha na kumsugua kila siku ya Mungu. Kijana mmoja wa kambini, Brayan, alikuwa anamtembeza kumnyoosha viungo, wakapita njia ya mkato, na miguu ya nyuma ikaingia yote. Brayan alirushwa kwenye matope akatoka mzima. Yeye ndiye aliyepiga yowe, na kabla ya hapo alikuwa amempigia simu Robi. Hilo la simu tulilijua baadaye, hatukumpa nafasi ya kusema.

Farasi alikuwa amezama mpaka kifuani. Kichwa na shingo viko nje, miguu ya mbele inachapa matope, kila akijitingisha anashuka kidogo. Wanaume walikuwa wamefika kama arobaini, kila mmoja na kamba yake, fimbo yake na ushauri wake. Waliponiona wakanipisha. Nikashuka ukingoni kama mkuu wa kazi, nikaitengeneza kamba, nikanyoosha mkono kushika pembe.

Usicheke. Nilinyoosha mkono kweli. Miaka arobaini mkono umezoea kwenda mahali pamoja, ukaenda hapo hapo, ukakuta masikio. Mzee Athanas, rika langu, aliniona, na mpaka leo hajaacha kulisimulia.

Basi kwa kuwa pembe hakuna, nikamfunga shingoni. Kamba ya pili nikaifunga mkiani kama kawaida. Nikawapanga watu, tukavuta kwa mkupuo. Nikolaus, yule mnyama alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa ng'ombe, ni kama mtu anayekoroma huku anazibwa mdomo. Shingo ilinyooka, macho yakatoka, ulimi ukawa wa bluu pembeni. Kifua hakikusogea hata kidole. Nikasema hatujavuta vya kutosha, tuvute tena. Tukavuta mara ya pili, akazama zaidi.

Tulikuwa tunajipanga kwa mara ya tatu gari la kambi likafika na kusimama mbali kidogo. Robi akashuka na kofia yake nyekundu, na wenzake watatu, na daktari wao wa mifugo anayeitwa Elia. Hakukimbia. Alitembea huku anaangalia kila kitu: shimo, farasi, watu, kamba. Akafika karibu, akapiga goti kidogo kama tulivyomlea.

"Shikamooni wazee wangu," akasema. "Asanteni kwa kuitika yowe. Naomba sasa kamba zote ziwekwe chini."

Hakuna aliyeweka. Athanas akanigeukia. "Simioni, huyu ni mtoto wako au ni mkuu wa wilaya?"

Watu wakacheka. Na mimi, ndugu yangu, nilikuwa nimeshika kamba ya shingo mikononi, watu wote wananiangalia, na damu ilinipanda kichwani. Nilimwambia Robi akae pembeni na wanawake, kazi hii ina wenyewe. Nilisema hivyo kwa sauti.

Hakujibu kwa sauti. Alinisogelea mpaka karibu na sikio, akaongea taratibu kwa lugha yetu ya nyumbani ili wengine wasisikie. "Tata, legeza. Ng'ombe unamvuta pembe. Huyu unamvuta pumzi. Ukivuta mara moja tena atakufa, na atakuwa amekufia mkononi mwako."

Niliangalia pua za yule farasi. Zilikuwa zinafunguka na kufunga haraka haraka na povu lilikuwa na damu. Halafu nikaangalia ukingo wa shimo, nikaona vile vitundu nilivyosimikia miiba. Hakuna mwingine aliyeviona. Mimi niliviona vyote. Nikalegeza kamba. Nikaifungua na ile ya mkiani, nikazitupa nyuma yangu, na arobaini wakaniona nafyata mkia mbele ya mwanangu.

Farasi akavuta pumzi ndefu. Robi hakunitazama hata kidogo, alikuwa ameshaanza kazi, na nilimshukuru kwa hilo.

Jambo la kwanza alilosema ni kwamba kuanzia hapo sauti itakuwa moja, ya kwake, na mwenye ushauri amwambie Brayan. La pili, akataka watu wote warudi hatua thelathini na wanyamaze, maana farasi akisikia kelele anapigana, na akipigana anajichosha na kuzama. Halafu akaniangalia mimi. "Tata, hiyo ya watu ni kazi yako. Mimi hawatanisikiliza."

Mdogo wangu, nimewahi kufanya kazi ngumu, nimechimba kisima, nimezika wazazi wawili, lakini kuwazuia wanaume arobaini walioitika yowe wasishike kitu chochote ndiyo ngumu kuliko zote. Mtu aliyeitika yowe anataka kushika. Nilichora mstari kwa fimbo, nikatembea juu yake huku na huku kama askari wa gereza. Athanas alijaribu kuvuka mara mbili. Mara ya pili nilimwambia nitasahau kwamba ni rika langu.

Nilikuwa natembea huku jicho moja liko shimoni, kwa hiyo nimeona kila kitu. Robi alikaa upande wa kichwa, pembeni, si mbele ambapo miguu ingemfikia. Akamfunika farasi macho kwa kitambaa, akawa anamsemesha polepole. Alimwekea mfuko wa pumba chini ya taya ili pua zisiguse maji. Daktari Elia akamchoma sindano ya kumtuliza, kidogo tu, akasema akilala kabisa tumempoteza. Kichwa kikawa kizito mikononi mwa Robi, ile miguu ya mbele ikaacha kuchapa.

Halafu akauliza nani ana pampu ya kumwagilia. Nilidhani nimesikia vibaya. Shimo limejaa maji, sasa pampu ya nini? Lakini Regina, yule mjane anayelima mchicha na nyanya kando ya mto, akaileta yake kwenye toroli na bomba lake. Robi akaeleza mara moja tu kwamba kinachomshika farasi si uzito, ni matope yanayomnyonya miguu kwa chini, na hayaachii mpaka maji yapite katikati. Wenzake walifunga bomba la chuma jembamba mbele ya lile la plastiki, wakalishusha polepole kando ya mguu wa nyuma, pampu ikaungurumishwa mbali ili isimshtue. Matope yakaanza kutoa mapovu. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wale ng'ombe wangu wachache walivunjika, na moyo uliniuma.

Wengine walikuwa wanachimba. Hapo Robi aliruhusu watu kumi wavuke mstari na majembe, wachonge mteremko mbele ya farasi, ili atoke kwa kuteleza badala ya kunyanyuliwa. Niliwachagua mimi mwenyewe, wenye mikono na wasio na mdomo. Ile mikanda mipana ikapitishwa chini ya tumbo kwa chuma kilichopinda, mmoja nyuma ya miguu ya mbele, mwingine ukazunguka makalio. Hakuna kilichogusa shingo. Hakuna kilichogusa mkia. Mbele wakalaza ubao mkubwa laini wa plastiki walioushusha kwenye gari.

Yote haya yalichukua zaidi ya saa moja. Kwetu saa moja na mnyama shimoni ni aibu, sisi tunataka kumaliza kabla jasho halijatoka. Walikuwepo walioanza kunung'unika kwamba wasomi wanapoteza muda na farasi atakufa huku anapimwa. Na mimi nilikuwa na hofu hiyo hiyo, sitakudanganya. Nilimwomba Mungu kimya kimya. Nilimwambia huyu farasi akifa, si tu kwamba nimeua mali ya watu, nitakuwa nimemuua Robi kazini mbele ya kijiji kizima, na duka la Sirari litakuwa limeshinda bila hata mimi kufungua mdomo.

Ndipo akaita wavutaji. Ishirini, kumi kila mkanda, wakae mbele ya mteremko, pembeni, mbali na miguu. Akawaambia hatuvuti kwa mkupuo. "Nikisema moja mnakaza, nikisema mbili mnavuta unyayo mmoja, nikinyoosha mkono mnashikilia hapo hapo mlipo. Hata mkiona anatoka, msikimbilie."

Watu wetu kuvuta unyayo mmoja. Mara ya kwanza walivuta nyayo nne, akawasimamisha, akawarudisha mwanzo. Mara ya pili wakajitahidi. Mara ya tatu wakawa kitu kimoja. Moja, mbili, mkono. Moja, mbili, mkono. Kifua kikapanda kwenye ubao. Matope yakatoa mlio mkubwa wa kuachia, makalio yakaja, mguu mmoja, halafu wa pili. Karanga akateleza juu ya ubao mpaka kwenye majani makavu, mzima mzima, na wala hakuna mtu aliyepiga kelele kwa sababu Robi alikuwa bado amenyoosha mkono.

Sasa alilala pale hatikisiki. Ubavu mmoja juu, matope kila mahali, shingo imechubuka mahali kamba yangu ilipokuwa. Mniko, mtoto wa jirani yangu wa chini, akachomoka kwenye mstari kwenda kumsokota mkia, kama tunavyofanya ng'ombe akigoma kusimama. Nilimdaka shati kabla hajafika. Nilimwambia asiguse, amwache mnyama apumue, na nilisikia maneno ya Robi yanatoka kinywani mwangu kama yangu.

Walimfunika mablanketi. Daktari akamsikiliza moyo. Robi akapiga magoti pale pembeni na mkono wake juu ya shavu la farasi, na tukangoja. Ilikuwa kama nusu saa. Watu arobaini hawakuondoka.

Halafu Karanga akanyanyua kichwa. Akatulia. Akanyoosha miguu ya mbele, akaisimika, akakaa kama mbwa, tukaona sasa amevunjika nyuma, maana ng'ombe akiamka ananyanyua makalio kwanza. Mtu mmoja akasema basi, huyo amekwisha. Robi akatabasamu, ndiyo mara ya kwanza siku ile, akasema farasi ndivyo anavyoamka. Kweli, akajisukuma mara moja, akasimama kwa miguu yote minne, akatetemeka, akajikung'uta matope yakamrukia Athanas usoni.

Hapo nilifuta ule mstari kwa mguu wangu. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka ng'ambo ya mto wakaitikia. Wanaume walikuwa wanakumbatiana na matope yao, kila mmoja anadai mkanda wake ndio uliovuta. Robi aliinamisha kichwa kwenye shingo ya farasi akalia, na mimi nililia pia, na ukisikia kwa mtu mwingine kwamba nililia, ni kweli.

Mchana ule ule nilikwenda kambini kwa miguu. Nikamwambia mkuu wao, Robi akisikia, kwamba shimo ni langu, na miiba niliing'oa mwenyewe. Nilijiandaa kwa lolote. Alinishukuru kwa kusema, akataka nilizungushie tena, nami nikawa nimeshafanya kabla ya jua kuzama. Wiki iliyofuata nililisema hilo kwenye ritongo pia, na tumeamua kwamba kila mwenye shimo la maji alizungushie miiba na asiing'oe hata zizi likianguka. Mimi ndiye ninayekagua.

Jioni ya siku ile Robi alikuja nyumbani. Alikuwa anasugua matope kwenye mikono karibu na pipa, akaniuliza bila kugeuka. "Tata, bado nitaenda Sirari?" Nikamwambia nitamwandikia baba yako mdogo. Hilo tu. Sikuweza kumjibu peke yangu jambo tuliloliamua wawili, na pia, niseme ukweli, nilikuwa bado sijameza kitendo cha kutii mbele ya watu. Akaitikia haya, akaendelea kusugua. Mwezi mzima hajauliza tena.

Lakini wiki mbili zilizopita walikuja watu kutoka Kisaka na pikipiki. Ng'ombe wao amezama bondeni. Niliwaona wanaingia getini nikasimama, nikaanza kutafuta viatu. Wakanisalimia kwa heshima, wakasema mzee, tumemfuata Robi. Nikakaa tena. Felista alikuwa mlangoni, akaingia ndani kwenda kucheka.

Robi alikuwa kazini. Nikampigia simu, akaniambia niende mimi na ile mikanda ya akiba aliyoiacha chumbani kwake, na nisikate simu. Nilipanda pikipiki na umri wangu huu. Nilisimama bondeni Kisaka na simu imewekwa sauti kubwa mfukoni, mwanangu ananiambia pitisha hapa, kaza pale, tata usiguse mkia. Nilifanya kila alichosema. Ng'ombe alitoka na kutembea mwenyewe nyumbani, hakuvunjika hata ukwato.

Sasa jibu. Tulikubaliana wawili, lakini mimi ndiye niliyetangulia kuzaliwa, kwa hiyo natangua kwa niaba yetu wote: Robi haendi Sirari. Kazi anayofanya si ya aibu. Aibu ilikuwa ya kwangu, na nimeshaioga. Daktari Elia ameomba mwezi wa kwanza Robi aanze kuwafundisha wachungaji wa vijiji vyetu, akianzia Kisaka, nami nimekubali. Siku hiyo nitakaa mbele. Rafiki yako wa duka mshukuru sana, na kama bado anataka mtoto wa nyumba hii, mpe Vincent, anashinda anacheza pool Kenyamonta na mikono yake haina hata malengelenge.

Msalimie Efrazia, na mwanao Nelson na mkewe, na wajukuu wote mmoja mmoja bila kumruka mdogo. Ghati dada yetu anasema ukija Krismasi umletee kahawa, ile uliyoleta mara ya mwisho aliificha mpaka ikaota ukungu. Felista anakusalimu kwa mafua.

Barua hii nimemsomea Robi leo baada ya ibada, kabla ya kuifunga bahasha, kwa sababu sikutaka asikie kwa wengine. Alisikiliza yote akiwa amesimama. Nilipofika pale niliposema haendi Sirari, aliniomba nirudie. Nikarudia. Akasema nimekosea kitu kimoja, walikuwa wanaume thelathini na wawili, si arobaini, yeye aliwahesabu kwa sababu alifundishwa kuhesabu. Halafu akatoka nje kwenda kunawa uso, na alikaa huko muda mrefu.

Arobaini nimewaacha hivyo hivyo. Na kwenye mnada wa juzi mtu nisiyemfahamu alinisalimia kwa jina la mtoto, siyo la Vincent niliyemzaa kwanza. Nimelipenda, kwa hiyo nitalitumia hapa chini, ulizoee.

Mungu wa wazazi wetu aulinde mguu wako na nyumba yako, na atukutanishe tukiwa wazima, tule pamoja.

Ni mimi kaka yako nikupendaye siku zote,

Simioni,
Baba Robi.